Nyumba Iliyochemsha Barabara ya Urambo

Asubuhi ile Sajenti Dafrosa Ngollo aliomba vitu vitatu kituoni: sanduku la spana, mtuhumiwa, na siku nzima. Mkuu wake, Inspekta Lugembe, alimpa sanduku na mtuhumiwa.

"Siku nzima sina," alisema. "Kesho saa mbili Vedasto anapelekwa mahakamani. Jioni ya leo nataka jibu. Aliiba rejeta au hakuiba?"

"Nitalifungua gari, afande."

"Mwite fundi alifungue."

"Mwenye gari, Bi Zamda, amewakataa mafundi wote wa Tabora. Anasema ni kundi moja, watamfichia mwenzao."

"Kwa hiyo?"

"Nitalifungua mwenyewe."

Inspekta alimtazama kidogo. Alijua kwamba Dafrosa alikaa miaka mitatu kwenye karakana ya polisi kabla ya kuhamia upelelezi, na kwamba baba yake alikuwa fundi wa reli. Akasaini karatasi ya kumtoa mtuhumiwa.

Gari lilikuwa uani kwa Bi Zamda, njia ya kwenda Kwihara. Lilikuwa gari na lilikuwa nyumba. Ndani yake mlikuwa na vitanda vinne, jiko la gesi, meza na kabati la vyombo. Wageni kutoka Ulaya waliliuza Tabora miaka sita iliyopita, Bi Zamda akalinunua. Tangu hapo aliwabeba watalii waliotaka kufuata njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji, wakilala njiani kama wapagazi walivyolala, ila wao juu ya godoro.

Bi Zamda alikuwa mlangoni, kanga kichwani, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba. Na huyo umemleta wa nini?" Alimwonyesha Vedasto kwa kidevu. "Mimi nimesema asiliguse tena gari langu."

"Hataligusa. Ana pingu."

Vedasto alikuwa fundi wa miaka thelathini hivi, mwembamba. Shati lake lilikuwa lilelile alilokamatwa nalo siku nne zilizopita. Konstebo Eliya alimkalisha juu ya dumu lililopinduliwa, hatua tano kutoka kwenye boneti.

"Shikamoo mama," Vedasto alisema.

Bi Zamda aliitikia kwa kutazama upande wa pili.

Dafrosa alifungua daftari. Mambo aliyoyajua yalikuwa machache. Siku kumi zilizopita Bi Zamda alileta rejeta mpya ya kupozea maji ya injini kutoka Mwanza, na Vedasto akaifunga. Siku iliyofuata gari liliondoka na wageni wawili. Dereva alikuwa Mzee Masolwa, ambaye pia ndiye mpishi. Walizunguka siku tatu, usiku wa mwisho wakalala Kaliua. Asubuhi ya kurudi gari lilichemsha mara tatu kabla ya kumaliza wilaya ya Urambo, na mwisho lilivutwa na lori la tumbaku mpaka mjini. Bi Zamda alifungua boneti, akaona rejeta imejaa tope na nyasi, akaenda polisi. Alisema Vedasto ameuza rejeta mpya na kumfungia kuukuu. Polisi walipekua gereji ya Vedasto na kukuta rejeta moja chini ya magunia, na thamostati ya gari hilo kwenye droo.

"Tuliwashe kwanza," Dafrosa alisema.

Aliongeza maji, akawasha injini, akasimama mbele ya boneti. Baada ya dakika nane mshale wa joto ulikuwa umeshapita katikati na unaendelea kupanda. Aliweka kiganja karibu na sehemu ya juu ya rejeta, akakitoa haraka. Kisha akainama na kugusa sehemu ya chini. Alikiacha kiganja pale pale.

"Juu moto," alisema. "Chini baridi kama mtungi."

Vedasto alinyanyuka kwenye dumu. "Baridi? Chini kabisa?"

"Kaa chini," Eliya alisema.

"Afande, kama chini ni baridi, basi maji hayapiti. Imeziba! Rejeta mpya inazibaje?"

"Ndiyo maana imeziba," Bi Zamda alisema, "kwa sababu siyo mpya."

Dafrosa alizima injini. "Tunasubiri ipoe. Nikifungua mfuniko sasa hivi nitaondoka hapa bila uso."

Mzee Masolwa alileta chai. Alikuwa mtu wa Igalula, mvi kichwani, mwenye sauti ndogo. Kabla ya kushika usukani wa Bi Zamda alikuwa mrina asali kwa miaka ishirini. Alimpa Dafrosa kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mzee."

Dafrosa alikunywa funda moja, akatazama ndani ya kikombe.

"Usijali," Bi Zamda alisema. "Tangu watoke Kaliua chai yangu ina ladha ya masega. Nimemwambia asugue birika. Anasugua, wapi!"

Masolwa alicheka kidogo, akageuka kurudi jikoni.

"Mzee, kaa kidogo," Dafrosa alisema. "Nimesoma maelezo yako. Nataka unisaidie sehemu moja tu."

Mzee alikaa kwenye ngazi ya gari.

"Siku za kwenda, ulisema, maji yalikuwa yanadondoka mbele. Ukawa unaongeza."

"Ndiyo. Kila baada ya vijiji viwili vitatu."

"Siku ya kurudi?"

"Siku ya kurudi halikudondosha hata tone. Lilichemsha tu."

"Nani alizuia yale matone?"

"Yaliacha."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, mwanangu. Mambo ya magari."

Dafrosa aliandika neno "yenyewe" na kulipigia mstari. Tundu haliponi kwa kulala usiku mmoja Kaliua. Mtu alifanya kitu. Na usiku huo Vedasto alikuwa Tabora, kilomita zaidi ya mia moja kutoka hapo.

"Vedasto," alisema bila kuinua kichwa, "thamostati uliitoa wewe?"

"Niliitoa mimi."

"Umesikia!" Bi Zamda alipiga makofi. "Amekiri."

"Mama, sikuiba! Kila fundi hapa anaitoa. Joto la Tabora hili, thamostati ya nini? Hiyo ni ya kwao Ulaya kwenye barafu."

"Unakosea," Dafrosa alisema. "Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa, ikipata moto unafunguka, na ukifunguka unaziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanakata kona na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Joto linazidi, wewe unadhani umelipunguza."

"Basi kesi imekwisha," Bi Zamda alisema.

"Haijaisha, mama. Gari lilitembea siku tatu bila thamostati na halikuchemsha. Alifanya kosa, lakini siyo kosa hili."

Aligusa mfuniko. Ulikuwa vuguvugu. Aliufunika kwa kitambaa, akauzungusha taratibu mpaka hewa ikaisha kulia, akaufungua. Kisha akaingia chini ya gari na karai.

Kazi ya kutoa rejeta ilichukua saa nzima, na Vedasto aliteseka kuliko siku zake zote za mahabusu.

"Siyo hiyo, afande. Namba kumi na mbili."

"Najua."

"Utaikata kichwa hiyo nati! Zungusha mbele kidogo kwanza, halafu rudisha."

"Eliya, mfundishe mtuhumiwa kunyamaza."

"Afande, hata mimi naona amesema kweli," Eliya alisema.

Dafrosa alizungusha mbele kidogo, kisha akarudisha. Nati ililegea. Vedasto alitazama juu kama mtu anayehesabu ndege.

Alitoa kava la feni, akafungua klipu za mipira ya maji, wa juu na wa chini. Alipouvuta ule wa chini, aliukunja mwisho wake kwa vidole. Ufa wa urefu wa punje ya mchele ulifunguka, na ndani ya ufa kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Aliupiga picha kwa simu.

"Mpira huu ni wa zamani," alisema. "Vedasto, kwa nini hukuubadilisha?"

"Muulize mama."

Bi Zamda alirekebisha kanga. "Niliona bado mzima. Nilisema afunge rejeta, hakuna kingine."

"Basi matone yalitoka hapa. Rejeta haikuvuja kamwe. Maji yalitoka kwenye mpira, yakatambaa chini ya rejeta na kudondokea mbele."

Ngazini, Masolwa aliacha kutingisha mguu.

Dafrosa na Eliya waliinyanyua rejeta, wakailaza juu ya gunia. Dafrosa aliiosha kwa maji na brashi laini. Tope lilikuwa la barabara ya Kaliua, jekundu na changa. Chini yake shaba iling'aa. Alisugua tangi la chini mpaka kibati kidogo kikaonekana, na juu yake namba.

"Mama, boksi la rejeta ulilitupa?"

"Nimewekea sahani zangu."

"Naliomba."

Sahani zilitolewa moja moja, boksi likaja. Dafrosa alimpa Bi Zamda mwenyewe alisome, na yeye akasoma kibati. Bi Zamda alisoma tarakimu saba kwa sauti ya mtu anayetangaza. Kila alipotaja moja, Dafrosa aliitikia ileile. Kwenye ile ya sita sauti ya Bi Zamda ilishuka. Ya saba aliisema kwa kunong'ona.

"Ni yenyewe," alisema.

"Ni yenyewe. Ile ya chini ya magunia ni ile kuukuu uliyomwachia. Hakuna rejeta iliyoibiwa."

Vedasto aliinama na kufunika uso kwa mikono yake iliyofungwa.

"Basi ameliharibu!" Bi Zamda alisema. "Kama hajaiba, ameliharibu. Umesema mwenyewe imeziba. Nani mwingine ameingiza mkono humo?"

"Hilo ndilo tunalotafuta sasa."

Dafrosa alimimina maji kwenye mdomo wa juu wa rejeta. Yalijaa na kukaa. Chini yalitoka kwa uzi mwembamba. Akaomba maji yaliyochemka. Alimimina taratibu, akaweka karai chini, akasubiri. Uzi ukanenepa. Kisha kitu kikadondoka karaini, kikaelea, kikaganda: vipande vya njano na kahawia, laini, vinavyonata. Akakiokota kimoja, akakinusa, akamnyooshea Bi Zamda.

Bi Zamda alinusa. Uso wake ukabadilika.

"Chai yangu," alisema.

"Nta," alisema Dafrosa. "Nta ya nyuki. Ikiwa ya moto ni maji, inazunguka na maji. Gari likilala, inatafuta mahali penye baridi kuliko pengine na kuganda hapo. Mahali hapo ni vijia vya chini vya rejeta. Ndiyo maana lilifika Kaliua salama, likalala, na asubuhi likaanza kuchemsha." Aligeuka. "Mzee Masolwa, uliyeyusha nta kiasi gani kwenye birika?"

Mzee alinyanyuka kwenye ngazi. Kila mtu alidhani atakimbia. Alivua kofia.

"Kilo moja," alisema. "Na nusu."

"Masolwa!" Bi Zamda alisema.

"Pipa la asali likivuja, mama, sisi tunayeyusha nta, tunaimwaga ndani, tunalizungusha. Nta inatafuta ufa yenyewe. Pipa linakaa mwaka mzima. Nikaona hili nalo ni pipa. Nilikuwa na nta niliyonunua njiani, ya kumpelekea shemeji yangu. Nikaiyeyusha kwenye birika, nikaimwaga wakati injini ya moto, nikaliacha linguruma. Matone yakakoma. Nililala na furaha usiku ule. Nilijisifu moyoni kwamba nimewashinda mafundi."

"Na ulipoona linachemsha?"

"Nilijua. Tulipofika Urambo nilijua. Lakini Bi Zamda alikuwa ameshamtaja Vedasto kwenye simu, na yeye akisema amesema." Alimtazama fundi. "Nikaogopa kazi yangu. Nikakuacha ulale chini siku nne, mwanangu. Sina la kujitetea."

Eliya alimshika Vedasto begani, lakini Vedasto hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anafikiri.

"Kilo na nusu," alisema. "Na ikafanya kazi?"

"Kabisa. Hata tone."

"Mzee, wewe ni hatari."

Eliya ndiye aliyeanza kucheka.

"Mnacheka," Bi Zamda alisema. "Maneno mazuri sana. Nta, mpira, boksi. Lakini gari langu limekufa. Mafundi wawili wa Urambo waliniambia injini imekwisha. Mimi sifuti kesi kwa ajili ya vipande vya nta. Hilo gari litoke hapa lifike Igalula na lisichemshe, hapo nitafuta maneno yangu yote. Likichemsha, kesho mahakamani."

Dafrosa alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Mzee Masolwa," alisema, "nta mnaitoaje kwenye masega?"

Mzee alivaa kofia yake. "Pipa, kuni na maji. Leteni pipa lililokatwa."

Kwa saa mbili zilizofuata uani kwa Bi Zamda palinukia kama porini wakati wa mavuno. Rejeta ilizamishwa kwenye nusu pipa la maji yanayochemka. Masolwa alichochea kuni, akaigeuza rejeta kwa fito mbili, akaitikisa, akaigeuza tena. Nta ilipanda juu kwa matone, matone yakawa madoa, madoa yakawa ngozi ya njano inayofunika maji. Aliiengua kwa kijiko kipana. Walibadilisha maji mara tatu. Mara ya tatu hakukupanda kitu.

Dafrosa alisafisha injini kwa maji ya moto mpaka yakatoka safi. Thamostati alikuja nayo kutoka kituoni, ndani ya mfuko wa vielelezo. Aliandika kwenye fomu saa aliyoitoa, akaifunga uzi, akaining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kimlango kilifunguka. Alipoitoa, kikajifunga.

"Nzima," alisema. Akaionyesha kwa Vedasto. "Tumeelewana?"

"Tumeelewana, afande."

Alikata mwisho wa mpira wa chini, vidole viwili, mpaka ufa wote ukaondoka. Mpira ulikuwa na urefu wa kutosha. Akaifunga thamostati kwenye injini, akairudisha rejeta mahali pake, nati moja moja, kwanza zote kwa mkono na kisha kwa spana. Akakaza klipu. Akajaza maji polepole, mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa inanguruma, akiminya mpira wa juu ili mapovu yatoke. Mapovu yalitoka mengi, yakawa machache, yakaisha. Safari hii Vedasto hakumsahihisha.

Saa tisa walitoka. Dafrosa alishika usukani, Bi Zamda kando yake. Nyuma, kwenye meza ya watalii, walikaa Masolwa, Eliya na Vedasto. Jua lilikuwa kali na barabara ya Igalula ilikuwa na mchanga. Ni barabara inayoifanya injini ifanye kazi kwa jasho.

Bi Zamda hakuangalia nje. Aliangalia mshale. Ulipanda hadi robo. Ukapanda hadi katikati. Ukapita katikati.

"Unapanda," alisema.

"Naona."

"Sajenti, unapanda!"

"Mama, subiri."

Nyuma Vedasto alikuwa amesimama, pingu zikigonga kabati. "Ukoje mshale? Niambieni ukoje!"

Mshale ulisimama. Ulikaa hivyo kwa muda wa kuvuka kijito kikavu. Kisha, kama mtu aliyebadili mawazo, ukarudi chini, ukafika katikati, ukatulia.

"Mlango umefunguka," Dafrosa alisema.

"Ukoje!" Vedasto alipiga kelele.

"Katikati!" Bi Zamda alimjibu kwa sauti kubwa kuliko yake. "Uko katikati, Vedasto! Umekaa kama umepigiliwa!"

Mchangani Dafrosa alishusha gia na kukanyaga mafuta. Injini ilivuma, nyumba nzima ikatikisika, sahani zikalia, na mshale haukusogea hata upana wa unywele. Waliingia Igalula na kusimama karibu na stesheni, ambako abiria wa treni walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao. Wote waliangalia nyumba yenye magurudumu.

Bi Zamda alishuka kabla ya kila mtu. Alifungua boneti mwenyewe. Hakukuwa na mvuke. Aliinama chini ya gari akatafuta tone, kanga ikigusa vumbi. Hakuna. Aliweka kiganja kwenye sehemu ya chini ya rejeta, akakiacha kwa muda, kisha akakitoa.

"Ni pa moto," alisema. "Maji yanapita."

Dafrosa alimpigia Inspekta Lugembe na kumweleza kwa sentensi nne. Kisha akampa Bi Zamda simu. Bi Zamda alisema aliyotakiwa kusema, tena kwa sauti ambayo abiria wote waliisikia: kwamba rejeta ni yake, kwamba hakuibiwa, kwamba alimsingizia kijana wa watu na anafuta malalamiko yake. Simu ilirudi kwa Dafrosa.

"Mfungue," Inspekta alisema.

Eliya alifungua pingu. Vedasto alisugua vifundo vya mikono yake, akashuka ngazi, akasimama mbele ya Bi Zamda. Mama yule alichukua funguo za gari kwa Dafrosa. Kisha akamnyooshea Vedasto.

"Turudishe nyumbani," alisema. "Nimesema mbele ya watu hawa wote. Turudishe wewe."

Abiria mmoja alipiga makofi bila kujua kilichotokea, wengine wakamfuata.

Vedasto alizichukua. Alimwambia Mzee Masolwa apande, na mzee alipositasita akamshika mkono na kumpandisha. Kisha akaingia kwenye usukani. Dafrosa alikuwa na miguu mirefu kuliko yake, kwa hiyo alikivuta kiti mbele, mara moja, mara ya pili. Akarekebisha kioo. Akamtazama sajenti aliyekaa kando yake.

"Afande," alisema, "mlango wako haujafunga vizuri."

Dafrosa aliufungua, akaubamiza kwa nguvu, na gari likaondoka.